Bima ya gari la kukodi ugenini: mwongozo kamili kabla hujatia sahihi

Umeshuka kwenye ndege, macho mazito, watoto wanalia njaa, na foleni ya kaunta ya magari ya kukodi imepinda mara mbili. Zamu yako ikifika, mhudumu anakugeuzia skrini na kuuliza kwa upole: "Utachukua bima kamili, au hatari utaibeba mwenyewe?" Swali limetungwa likutie hofu. Tena lina ujanja ndani yake, kwa kuwa katika nchi nyingi gari hilo lina bima tayari. Anachokuuzia pale ni kitu kingine.

Mara yangu ya kwanza kukodi gari nje ya nchi niliitikia "ndiyo" kila nilipoulizwa. Nyongeza zikaipita kodi ya gari lenyewe. Siku ya tatu nikapasua tairi kwenye barabara ya changarawe, na nilipofungua karatasi nilizotia sahihi nikakuta tairi halimo. Tangu hapo mambo yote ya bima nayamaliza nyumbani, wiki moja kabla ya safari, na kaunta naiendea kuchukua funguo tu.

Jua kwanza unauziwa nini

Karibu kila mkataba wa kukodi gari una tabaka tatu, na wengi huumia kwa kuzichanganya.

Tabaka la chini ni bima ya mtu wa tatu, ile ambayo mtaani huitwa bima ndogo. Inawalipa watu utakaowajeruhi na mali yao utakayoiharibu. Gari unaloliendesha hailigusi. Katika nchi nyingi sheria hairuhusu gari litembee bila hiyo, kwa hiyo imo ndani ya bei ya kukodi.

Juu yake kuna herufi CDW. Watu huiita bima, ila kwa maana halisi si bima. Ni ahadi ya kampuni kwamba ukiligonga gari lake haitakudai thamani yote. Ya wizi huandikwa kando kama TP, au huunganishwa na ya kugonga ikawa LDW, hasa Marekani. Ukielewa kwamba ni ahadi ya mwenye gari, utaelewa pia kwa nini huvunjika kirahisi: ukikiuka sharti moja la mkataba, mwenye gari yuko huru kuiondoa.

Tabaka la tatu ndilo linalokula fedha za wasafiri, nalo ni eksesi. Hii ni sehemu ya hasara ambayo lazima uibebe wewe hata kama CDW ipo. Mkataba ukisema eksesi ni euro 1,500, na ukarudisha gari likiwa na mkwaruzo wa euro 600, zote 600 ni zako. Gari likiharibika kabisa, utalipa 1,500 na zaidi ya hapo ni shauri la kampuni. Mhudumu anapotaja "bima kamili", mara nyingi anauza kifuta eksesi, yaani unalipa kiasi fulani kwa siku ili ile 1,500 ishuke au ifike sifuri.

Kuna na vikorokoro vingine, kama bima ya ajali binafsi na bima ya mizigo iliyomo ndani ya gari. Mwenye bima nzuri ya safari hana haja navyo, maana analipia kitu kimoja mara mbili.

Nchi unayokwenda ndiyo inayoamua

Ushauri uliomfaa rafiki yako aliyekwenda Ureno unaweza kukuangamiza ukienda California.

Katika Umoja wa Ulaya tabaka la chini ni imara. Sheria ya umoja huo inataka bima ya mtu wa tatu ifikie angalau euro milioni 6.45 kwa ajali moja yenye majeruhi, au milioni 1.3 kwa kila majeruhi, na milioni 1.3 kwa mali. Ukikodi huko, wasiwasi wako uuelekeze kwenye eksesi. CDW na kinga ya wizi kwa kawaida huja ndani ya bei, ila eksesi huwa kubwa.

Marekani mambo yamegeuka. Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi haina CDW kabisa, na bima ya mtu wa tatu hutegemea jimbo. California, kuanzia 1 Januari 2025, kiwango cha chini ambacho sheria inamtaka dereva awe nacho ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, dola 60,000 kwa ajali nzima na dola 15,000 kwa mali. Kwa gharama za hospitali za nchi ile, dola 30,000 zinaweza kuisha kabla mgonjwa hajatoka wodini, na kinachobaki utadaiwa wewe. Ndiyo maana huko nyongeza ya dhima, yaani ile inayopandisha kiwango cha bima ya mtu wa tatu, iliyoandikwa SLI au LIS, nainunua bila kujiuliza. Wakala wengi wanaowauzia wageni kutoka nje huwa na bei ambayo tayari imeijumuisha pamoja na CDW, na mara nyingi bei hiyo ni nafuu kuliko kuongeza kimoja kimoja kaunta.

New Zealand ina mpango wake. Tangu 1974 taifa lenyewe ndilo linalogharamia matibabu ya walioumia ajalini, mgeni akiwemo, bila kuuliza nani mwenye kosa. Kwa hiyo bima ya mtu wa tatu kwa magari si ya lazima, na mkataba unapaswa kuusoma uone kama mali ya watu wengine imo. Afrika Kusini nako kuna mfuko wa ajali za barabarani unaochangiwa kupitia tozo ya mafuta. Unashughulikia miili ya watu tu. Ukigonga gari la mtu, mfuko huo hauhusiki.

Japani ina kitu kinachowashangaza wengi: hata ukiwa na kinga ya kugonga, utatozwa fidia ya siku ambazo gari litakaa gereji bila kukodishwa. Kwa miaka mingi kiwango cha kawaida kimekuwa yen 20,000 ukilirudisha gari likiwa linatembea, na yen 50,000 likishindwa kutembea. Kuna kinga ya nyongeza inayofuta tozo hiyo, na bei yake ni ndogo.

Kagua ulichonacho tayari

Kabla ya kununua chochote, fungua karatasi tatu.

Ya kwanza ni masharti ya kadi yako ya mkopo. Baadhi ya kadi humkinga mwenye kadi dhidi ya uharibifu wa gari la kukodi, kwa masharti mawili yasiyojadiliwa: kodi yote ilipwe kwa kadi hiyo, na CDW ya kampuni uikatae. Ukiikubali CDW ili "uwe salama zaidi", kinga ya kadi inaweza kufa papo hapo. Angalia pia orodha ya nchi zisizohusika. Kadi nyingi za Marekani, kwa mfano, zimekuwa zikiziacha nje Ireland, Israeli na Jamaika. Halafu kumbuka kwamba kinga ya kadi ni ya gari tu. Mtu uliyemgonga hayumo.

Ya pili ni bima ya safari. Tafuta neno eksesi ya gari la kukodi. Baadhi zinalo, ila kikomo chake huwa kidogo.

Ya tatu ni bima ya gari lako la nyumbani. Tarajia hapana. Bima kubwa uliyoikatia gari lako kwa kawaida haivuki mpaka ikahamia kwenye gari la mtu mwingine, isipokuwa kwa makubaliano maalumu. Mpigie ajenti wako uulize, na akijibu "ndiyo", mwambie aliandike.

Amua nani ataibeba eksesi

Hapa njia ni tatu. Unaweza kuibeba mwenyewe, unaweza kuinunulia kifuta eksesi kaunta, au unaweza kukata bima ya kurejeshewa eksesi kwa kampuni ya bima isiyohusiana na wenye magari.

Tuchukue hesabu ya mfano. Eksesi ni euro 1,500 na safari ni siku kumi. Kaunta wanataka euro 25 kwa siku, jumla 250. Bima ya nje inataka euro 5 kwa siku, jumla 50. Tofauti ni 200, na ya nje mara nyingi hulipia pia tairi, vioo na sehemu ya chini ya gari, vitu ambavyo kifuta eksesi cha kaunta kinaweza kuviacha. Kwenye karatasi hakuna ubishi.

Ila ubishi upo. Bima ya nje hairuki juu ya kaunta kwenda kukulipia. Gari likikwaruzwa, kampuni itakata kwenye kadi yako kwanza, kisha wewe ndiye utakayehangaika na makaratasi hadi urudishiwe. Kampuni pia itazuia dhamana kamili kwenye kadi, yaani fedha usizoweza kuzitumia hadi iziachilie, kwa sababu kwao wewe ni mteja mwenye eksesi nzima. Ukinunua kifuta eksesi chao, dhamana hushuka. Basi swali la kujiuliza ni hili: je, kadi yangu inaweza kuzuiwa euro 1,500 au zaidi kwa siku zote za likizo bila mimi kukwama? Kama haiwezi, lipa bei ya kaunta, na usione haya. Kama inaweza, nenda na bima ya nje.

Ukiamua hivyo, yapo mambo manne ya kuthibitisha. Bima iwe inauzwa kwa wakazi wa nchi yako, maana nyingi zina mipaka ya makazi, na dai la mtu asiyestahili hukataliwa hata kama ada ilipokelewa. Ianze siku ile ile au kabla ya siku ya kuchukua gari. Kikomo chake kiwe juu ya eksesi iliyoandikwa kwenye mkataba. Na aina ya gari iwemo: gari la kulala, basi dogo na gari la kifahari mara nyingi huachwa nje.

Mhudumu atakuambia, "Bima hiyo sisi hatuitambui." Anasema kweli, na haina shida. Hakuna anayemtaka aitambue. Mjibu kwa heshima kwamba unafahamu, na dhamana aizuie.

Soma yaliyoachwa nje

Kurasa hizi ndizo za kusoma na kalamu mkononi. Katika mikataba mingi CDW ya kawaida haigusi tairi, rimu, kioo cha mbele, paa, sehemu ya chini ya gari, viti na funguo. Ukivitazama vizuri, hivyo ndivyo hasa vinavyoharibika kwa mgeni asiyezijua barabara.

Mazingira nayo huandika masharti yake. Iceland, dhoruba ya mchanga na majivu inaweza kuchubua rangi ya gari zima, na CDW ya kawaida hailipi. Huuzwa kinga ya pekee ya mchanga, na nyingine ya changarawe. Mlango uliopinduliwa na upepo ulipoufungua huhesabiwa uzembe wako, na kuvuka mto kwa gari kunafuta kinga yote. Namibia, mikataba mingi inaweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwenye barabara za changarawe na haimlindi anayeendesha usiku nje ya miji. Ajali ya gari moja, ile ya kupinduka peke yako bila kugongana na mtu, huwa na kifungu chake. Kitafute. Visiwa vya Ugiriki, kupandisha gari kwenye feri bila idhini ya maandishi kunaweza kukuacha bila kinga tangu unapoingia melini.

Mafuta yasiyo sahihi yanastahili aya yake, maana hayalipiwi na CDW karibu popote. Usiamini rangi ya mpira wa pampu. Uingereza kijani ni petroli na nyeusi ni dizeli, ilhali Marekani vituo vingi hutumia kijani kwa dizeli. Nchi za Umoja wa Ulaya zimerahisisha: tangu Oktoba 2018 petroli ina alama ya duara, dizeli ina mraba. Linganisha alama iliyo ndani ya kifuniko cha tangi na ile ya pampu. Ukigundua kosa kabla hujawasha injini, usiwashe. Piga simu ya msaada, gari livutwe na tangi limwagwe. Ukiwasha, gharama inapanda mara nyingi.

Leseni na majina

Anayeendesha awe ameandikwa kwenye mkataba. Mume akichoka na mke akashika usukani "kidogo tu" bila jina lake kuwemo, kinga zote zimekwisha hadi atakapoushusha mkono. Dereva chini ya miaka 25 hutozwa zaidi, na sehemu nyingine hakodishiwi kabisa.

Leseni isiyokubalika nchini humo huhesabiwa kama hakuna leseni. Kibali cha kimataifa cha udereva kinatolewa chini ya mikataba tofauti, hasa wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968, na si kila nchi inakubali yote. Japani hukubali cha 1949 tu. Angalia mwaka ulioandikwa kwenye jalada la kibali chako, na kipate kabla hujaondoka, kwa sababu hutolewa katika nchi iliyotoa leseni yako. Leseni yenyewe nayo uwe nayo mfukoni.

Ukitaka kuvuka mpaka

Waambie wakati wa kuagiza gari, si kaunta. Unahitaji idhini ya maandishi ya mwenye gari na hati ya bima inayotambulika upande wa pili. Ulaya na majirani zake wana Kadi ya Kijani, mpango uliofanya kazi tangu 1953. Siku hizi inaweza kuchapwa kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo usibishane kuhusu rangi. Nchi za Afrika Mashariki na Kusini zilizo kwenye mpango wa COMESA zina Kadi ya Njano, na Afrika Magharibi kuna Kadi ya Kahawia ya ECOWAS. Hati hizi zinahusu dhima yako kwa watu wengine. Gari ulilokodi likiumia ng'ambo ya mpaka, kinachotazamwa ni CDW, nayo inaweza kuwa iliishia forodhani.

Kaunta

Njoo na kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, lile lile lililo kwenye agizo. Kadi ya kawaida ya benki inaweza kukataliwa, au ikakubaliwa kwa sharti kwamba ununue kifuta eksesi. Hata ukiwa na pesa taslimu begi zima, hazitasaidia.

Kabla ya kutia sahihi, au kuweka kidole kwenye skrini, ambacho siku hizi ni kitu kile kile, omba kuona jumla na kila nyongeza kwa jina lake. Ukiona kitu ulichokataa, kifutwe kwanza. Mkataba ukiwa kwa lugha usiyoijua, omba nakala kwa lugha unayoisoma. Wakikuuliza ulipe kwa fedha ya nchi ile au kwa fedha ya kwenu, chagua ya nchi ile. Kubadilishiwa pale pale karibu kila mara ni hasara.

Kulikagua gari

Dakika kumi hizi zina thamani kuliko nusu ya yote niliyoandika. Piga video ya mfululizo ukilizunguka gari polepole, kisha picha za karibu: bampa zote mbili, kingo za milango, rimu nne, kioo cha mbele, vioo vya pembeni, paa. Chuchumaa upige na uvungu wa mbele. Ndani piga dashibodi ionyeshe kilomita na kiasi cha mafuta. Gari likiwa chini ya taa hafifu au lina maji ya mvua, lisogeze penye mwanga ulifute, maana tone la maji huficha mkwaruzo. Kila kasoro iingie kwenye fomu ya makabidhiano. Mhudumu akisema "hiyo ndogo, hatuhesabu", mwambie basi haidhuru akiiandika.

Likitokea la kutokea

Watu kwanza, gari baadaye. Ndani ya Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112. Kisha ita polisi hata kama mikwaruzo ni midogo, kwa sababu mikataba mingi inataka ripoti yao, na Japani bila cheti cha polisi bima haisogei. Halafu pigia kampuni ya kukodisha ndani ya muda uliotajwa. Wengi hutaka saa 24.

Ulaya utaletewa fomu ya pamoja ya ajali, inayojazwa na madereva wote wawili. Jaza ukweli, chora ramani, na usitie sahihi kwenye maelezo ya lugha usiyoielewa. Kukiri kosa pale barabarani si kazi yako. Usilipeleke gari gereji ya njiani kwa fundi uliyempenda mwenyewe. Matengenezo yasiyo na idhini unaweza kuyalipia mara mbili.

Kulirudisha na kudai

Rudisha saa za kazi, mtu alikague mbele yako akupe karatasi ya kwamba halina jipya. Ukiacha funguo kwenye kisanduku usiku, katika mikataba mingi gari linabaki mikononi mwako hadi watakapofungua asubuhi, na atakayeligonga usiku huo amekugongea wewe. Ikibidi, piga video nyingine yenye saa na mahali.

Ukikatwa kwa uharibifu, dai kwa maandishi ripoti yao, picha zao na bili ya matengenezo yenye mchanganuo. Hapo ndipo tozo za pembeni hujitokeza: ada ya kushughulikia faili, kuvuta gari, siku za gari kutokodishwa. Bima yako ya kurejesha eksesi inaweza kulipa baadhi na kuacha nyingine. Wapelekee mkataba, fomu ya makabidhiano ya kuchukua na ya kurudisha, bili, taarifa ya kadi inayoonyesha makato, nakala ya leseni na ripoti ya polisi kama ipo. Vyote kwa mara moja. Dai lenye karatasi pungufu hukaa wiki nyingi likisubiri ile moja.

Kama makato hayana ushahidi, pinga kwa kampuni, na wasipojibu iandikie benki yako ukiomba muamala urudishwe. Picha za mwanzo ndizo zitakazokutetea, kwa hiyo usizifute dhamana inapoachiliwa. Faini za kamera na madai ya uharibifu hufika hata miezi baada ya likizo. Mimi faili la kila safari nalitunza mwaka mzima.